Siku Moja Katika Bonde Takatifu la Wainka

SWALI: Nitakuwa Cusco, Peru, kwa siku chache. Je, ziara ya siku moja ya magofu na vijiji vya Bonde Takatifu inafaa, au nitachoka bure?

JIBU: Inafaa sana, mradi usikubali kukimbizwa. Ziara nyingi hurundika Pisac, Ollantaytambo, Moray, Maras na Chinchero katika siku moja, ukaishia kuona kioo cha basi zaidi kuliko magofu. Chagua maeneo matatu.

Anza Pisac asubuhi na mapema, ukatazame matuta ya kilimo yaliyojengwa kwa mawe kuufuata mteremko. Mchana nenda Ollantaytambo. Juu ya ngome yake kuna mawe sita makubwa ya rangi ya waridi, yaliyochongwa katika machimbo ya Kachiqata, ng'ambo ya mto Urubamba. Mwombe kiongozi wa ziara akuonyeshe machimbo hayo mlimani. Ndipo utakapoelewa ukubwa wa kazi ile. Mji wenyewe bado unakaliwa, na maji yanapita kwenye mifereji ya Wainka.

Malizia Chinchero kwa wafumaji. Mama mmoja atasaga kiganjani vidudu vikavu vya mpungate, rangi nyekundu itoke. Akikamulia ndimu, inageuka kuwa ya machungwa. Nunua kwake moja kwa moja.

Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Chinchero iko juu zaidi. Kwa hiyo pumzika siku ya kwanza, tembea polepole na unywe maji ya kutosha.