NANI ATAWEZA KAZI KUBWA?
Somo: Mwanzo 41:33-49, 1 Timotheo 3:6-10

Wapendwa, kabla ya mwaka kwisha tutachagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa shule. Mara iliyopita tulimchagua ndugu aliyejua kusema. Hatumsemi vibaya: aligawa nguo na sabuni pasipo lawama. Lakini mambo ya mwaka wa pili hakuyaona, na mvua ikakuta kuta bila paa. Kosa lilikuwa letu tuliompima.

Elliott Jaques, daktari mzaliwa wa Kanada, alianza mwaka 1948 kuchunguza kazi katika kiwanda cha Glacier Metal, London. Alifundisha kwamba uzito wa kazi hupimwa kwa muda. Ile kazi ndefu kuliko zote uliyokabidhiwa uiendeshe kwa akili yako, itamalizika baada ya muda gani? Ngazi ya chini ni siku moja hadi miezi 3. Anayefuata, miezi 3 hadi mwaka. Wakuu wa mashirika makubwa hubeba ya miaka 10, hata 20 na zaidi.

Yusufu alipanga miaka 14 kwa mara moja: sehemu ya tano ya mavuno, ghala katika miji, wasimamizi. Naye alikuwa na miaka 30, mgeni kama sisi, ametoka gerezani siku ile ile. (Sisi tungemwomba cheti kwanza.)

Jaques alisikiliza pia jinsi mtu anavyojenga hoja juu ya jambo linalomgusa. Mmoja hutaja sababu hii, kisha ile, kila moja peke yake. Wa pili huzikusanya zishikamane. Wa tatu huzifuatanisha: hili litaleta lile, na lile litaleta jingine. Wa nne hushika mifuatano kadhaa na kuilinganisha. Basi tuwaulize wanaopendekezwa: msaada ukikatika, walimu wakirudi kwao, shule itakuwaje baada ya miaka 3? Tusitazame ufasaha. Mtu aweza kujibu kwa Kiswahili cha kuvunjika na bado anaona mbali.

Uaminifu haupimwi hivyo. Hapo tumsikilize Paulo: asiwe aliyeongoka juzi, na mashemasi wajaribiwe kwanza.

Kwa mazungumzo ya vikundi: Nani kati yetu anaendesha tayari kazi ya mwaka mzima bila kusimamiwa? Tuwafikirie na akina mama. Yule anayetunza akiba ya kikundi toka Januari mpaka mgao wa Desemba, mbona hatujawahi kumpendekeza?