SOMO LA FAMILIA: Mama Mjamzito na Ugonjwa Unaorudi-rudi

Andiko la kusoma nyumbani: Marko 5:25-34



Somo la mwezi huu linahusu jambo ambalo kanisani hatulitaji. Ni habari ya mama mjamzito anayewashwa na kutokwa na uchafu ukeni, anatibiwa, anapata nafuu, na baada ya wiki chache yanarudi yale yale. Nitaliita kwa jina lake, maana ugonjwa usiotajwa hautibiwi. Akina baba, msifungue ukurasa mwingine. Ninyi hasa ndio niliokusudia mlisome.

Naanza na nyumba yangu mwenyewe. Tulipokuwa tunangojea mtoto wetu wa nne, hapa hapa Nyarugusu, mama watoto wangu aliugua hivyo mara tatu katika mimba moja. Mara ya kwanza hakuniambia. Alijiosha asubuhi na jioni kwa sabuni ya kufulia na maji ya chumvi, akiingiza ndani kabisa, na muwasho ukazidi. Mara ya pili alinunua kapsuli za rangi mbili kwa mtu anayeuza dawa sokoni. Mara ya tatu nilimsikia analia usiku. Nikamwuliza swali ambalo mpaka leo linaniuma: "Umeutoa wapi?" Kisha, badala ya kumpeleka kliniki, nikamwambia tufunge siku tatu. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba! Ni mama mmoja mzee wa kanisa, aliyekuwa mkunga huko kwetu Fizi, aliyenikemea. Aliniambia mke wangu hakuhitaji kuhojiwa, alihitaji kupimwa. (Mke wangu ameniruhusu kuandika haya. Alisoma kwanza, akafuta mistari miwili.)

Sasa sikilizeni yale niliyojifunza baadaye kwa wauguzi, maana laiti ningeyajua mapema.

Kwanza, mwili wa mama mjamzito hutoa ute mwingi kuliko kawaida. Kama ni mweupe au kama maziwa mepesi, hauwashi wala haunuki, huo si ugonjwa. Hauhitaji dawa yoyote.

Ugonjwa unaowapata wajawazito wengi ni fangasi. Uchafu wake ni mzito, mweupe, kama maziwa yaliyoganda, na muwasho wake ni mkali. Wengine huungua wanapokojoa. Fangasi hawa wanaishi katika miili ya wanawake wengi bila kuleta shida. Mimba inapoingia, homoni za mwili hubadilika, ukeni panakuwa na sukari zaidi ya kuwalisha, nao wanaongezeka. Ndiyo maana wanatibiwa na wanarudi: mimba yenyewe bado ipo. Kwa hiyo, baba, fangasi si ushahidi wa uzinzi. Hata mke ambaye hajawahi kumjua mwanamume mwingine maisha yake yote anaweza kuupata mara tatu katika mimba moja. Na kwa kawaida haumdhuru mtoto tumboni, ingawa anaweza kuzaliwa na kupata utando mweupe mdomoni, ambao nao una dawa.

Wa pili unajulikana kwa harufu kama ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Uchafu wake ni mwepesi, wa rangi ya kijivu, na mara nyingi hauwashi sana. Hapa si fangasi. Ukeni pana bakteria wazuri wanaolinda mahali pale. Hao wakipungua, wabaya wanatawala. Huu nao hurudi-rudi, na usidharauliwe, maana wajawazito walio nao wamo katika hatari zaidi ya kuzaa kabla ya wakati, na mtoto njiti katika maisha haya yetu ni mzigo mkubwa.

Wa tatu unaitwa trikomonasi. Uchafu wake mara nyingi ni wa njano au kijani, wenye povu na harufu mbaya. Huu ndio unaoambukizwa kwa tendo la ndoa. Hapa mume lazima atibiwe pamoja na mke, hata kama yeye hasikii chochote, na wanaume wengi hawasikii chochote. Asipotibiwa, atamrudishia mke wake ugonjwa ule ule, na kila mmoja atasema dawa ya zahanati haina nguvu. Wangoje mpaka wote wawili wamemaliza dawa na dalili zimekwisha, ndipo wakutane tena. Lakini hata hapa, ndugu, usikimbilie kuvunja nyumba. Wadudu hawa wanaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata zaidi, bila dalili. Kuonekana leo si kusema umeingia juzi. Nimekalishwa katika vikao vya ndoa ambapo watu walitaka kurudisha mahari kwa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipima.

Mnaona basi kwa nini dawa ya jirani haifai. Dawa ya fangasi haiui bakteria, na dawa ya bakteria haiui fangasi; tena inaweza kuwaongeza. Zile kapsuli za mke wangu ndizo zilizompa fangasi nafasi. Kwa mjamzito mwenye fangasi, dawa inayotumika ni ya kuweka ukeni, kama klotrimazoli, kwa kawaida usiku, siku saba. Vidonge vya kumeza vya flukonazoli wajawazito hawashauriwi, hata kama dada yako alivimeza akapona. Kwa ule wa harufu na kwa trikomonasi, mara nyingi hutolewa metronidazoli, na mhudumu wa afya ndiye anayepima kiasi. Siku saba ni siku saba. Muwasho hupungua siku ya tatu, na wengi hapo ndipo wanapoficha vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mara nyingine. Kumbukeni pia kwamba dawa hiyo ya kuweka ukeni inaweza kudhoofisha kondomu.

Zahanati nyingi hazina maabara ya kupima kila uchafu, hivyo mhudumu anatibu kwa dalili anazoambiwa. Mama akisema tu "tumbo linauma" kwa sababu ya aibu, atapewa dawa ya tumbo. Mke wangu aliwahi kuulizwa habari zake mbele ya foleni nzima, akanyamaza, akarudi nyumbani bila kitu. Hilo lilikuwa kosa la aliyeuliza, lakini mama ana haki ya kusema, "Naomba tuongee pembeni." Achukue kadi ya kliniki na pakiti tupu ya dawa aliyotumia mara ya mwisho, na aseme wazi kwamba hii ni mara ya pili au ya tatu. Ugonjwa unaorudi hivyo unamfanya mhudumu aangalie mengine: sukari katika damu, maana kisukari cha mimba huongeza fangasi, na VVU pia. Kipimo cha VVU na cha kaswende ni sehemu ya kliniki ya wajawazito. Mama akigunduliwa mapema, kuna dawa za kumlinda yeye na mtoto. Baba, nenda mpime pamoja.

Nyumbani, jambo kubwa ni kuacha kuosha ndani. Sabuni, chumvi, ndimu, siki, majani ya kienyeji, vyote vinafukuza wale bakteria wazuri. Osheni nje tu, kwa maji, na mkitoka chooni mpanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Najua habari ya maji. Kiwango kinacholengwa na UNHCR ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani dumu moja, na kila mmoja wetu anajua siku ambazo dumu hilo halifiki. Basi kwa mama mjamzito baba na watoto wapange foleni ya bomba, yeye apate maji yake.

Na nguo za ndani. Akina mama wanazianika ndani ya nyumba, chini ya kitenge, zisionekane. Zinabaki na unyevu, na unyevu ndio makao ya fangasi. Zianikwe juani, zikauke kabisa. Za pamba ni bora kuliko za nailoni. Kama aibu inawasumbua, funikeni kwa kipande cha chandarua kuukuu, jua linapita.

Msingoje kliniki ya mwezi ujao mkiona damu, maji yakitoka kama chupa imepasuka, homa, maumivu chini ya tumbo au vidonda sehemu za siri. Siku hiyo hiyo, hata usiku.

Yule mwanamke wa Marko 5 aliugua miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa matabibu. Alikuja kwa siri, kwa nyuma, kwa sababu sheria ya Walawi 15 ilimhesabu kuwa najisi. Bwana hakumwuliza ameutoa wapi. Alimwacha aeleze kweli yote, akamwita binti.

Maswali ya kuzungumza nyumbani, mume na mke peke yao:

1. Mama, kuna jambo la mwili wako umelificha katika mimba hii? Nini kilikuzuia kusema?

2. Baba, mke wako akikuambia leo, neno lako la kwanza litakuwa lipi?

3. Tarehe ya kliniki inayofuata ni lini, na nani atabaki na watoto ili mwende wote wawili?