Moteri ya mipigo 2 na ya mipigo 4

Mpigo ni safari moja ya pistoni, kwenda juu au kurudi chini. Katika moteri ya mipigo 4, kazi za kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa moshi zina mpigo wake kila moja, na mhimili huzunguka mara 2. Ya mipigo 2 humaliza yote kwa mzunguko 1.

Tofauti inayoua moteri ni ya oili. Ya mipigo 4 hutunza oili yake chini. Nyingi za mipigo 2 hazina akiba hiyo: oili huchanganywa ndani ya esansi, mara nyingi lita 1 kwa lita 50, lakini fuata kitabu cha moteri yako.

Kando ya Ziwa Tanganyika, wavuvi wa vijiji viwili walikuwa na moteri moja ya mtumbwi. Ilipokwama, walianza kushitakiana uadui. Tulipoifungua, pistoni ilikuwa imekwaruzwa na esansi tupu. Kijana aliyeitia alizoea pikipiki ya mipigo 4. Sasa bidoni ya mchanganyiko ina alama nyekundu.