Ukiolewa na Mgeni, Karatasi Zako Zishike Mwenyewe

Wadogo zangu wa Tabora mjini, Nzega, Urambo na Sikonge, na nyie mlioko huko Kigoma na Ujiji, leo nataka tukae kitako tuzungumze na wale wenye waume au wachumba wa kigeni. Najua mpo. Yuko aliyechumbiwa na Mwomani ambaye babu yake alizaliwa hapahapa kwetu. Yuko aliyependana na Mzungu aliyekuja kikazi. Na wapo kaka zetu walioko Muscat na Dubai, wamependana na dada wa Kifilipino wanaofanya nao kazi. Swali lenu ni moja: "Dada, tunataka kusafiri pamoja. Uwanja wa ndege watanidai nini?"

Nitawajibu, lakini kwanza mnisikilize. Maswali atakayokuuliza afisa uhamiaji pale dirishani ni yaleyale ambayo wewe, mama yako na shangazi zako mlipaswa kuyauliza nyumbani. Unakwenda wapi? Kwa nani? Mna uhusiano gani? Nani anagharimia? Ukifika utaishi kwa kibali gani? Ukiona yanakutoa jasho mbele ya afisa, jua kuna jambo hukulijua kuhusu safari yako mwenyewe.

Wenzetu Wafilipino jambo hili wamelitungia sheria. Mwaka 1990 Ufilipino ilipiga marufuku biashara ya kuwatafutia wanawake wake waume wa kigeni kwa malipo, na mwaka 2016 sheria hiyo ikaandikwa upya na kukazwa. Mfilipino anayeondoka kwao kwenda kuishi na mume, mke au mchumba wa kigeni hulazimika kwanza kuhudhuria darasa la ushauri la Tume ya Wafilipino Waishio Ng'ambo. Huko hufundishwa haki zake, maisha ya nchi anayokwenda, na pa kukimbilia mambo yakiharibika. Akimaliza hupewa cheti, na asipokuwa nacho anaweza kuzuiwa uwanjani, mizigo ikarudi nyumbani.

Kwa hiyo kaka yangu uliyeko Dubai, mchumba wako akikwambia anasubiri cheti cha tume, usidhani anakuzungusha. Mpe muda. Jambo lingine ulijue mapema: kwa Wafilipino wengi wasio Waislamu, sheria ya kwao haina talaka. Kama aliwahi kuolewa, kuachana kwa maneno hakutoshi. Lazima mahakama ya kwao iwe imeibatilisha ndoa ile au imeitambua talaka iliyotolewa nje. Muombe akuonyeshe hati kutoka mamlaka yao ya takwimu inayoeleza kama ana ndoa kwenye kumbukumbu. Si kumdharau. Na wewe mwonyeshe zako.

Sisi Tanzania hatuna darasa la namna hiyo. Basi darasa tulifanye nyumbani, na leo mimi ndiye mwalimu wenu.

Tuanze na jina lako. Hapa kwetu ndipo wengi wanapokwama. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa na cheti cha shule, uvipange mezani, usome herufi kwa herufi. Binti wa Kinyamwezi anaitwa Kalunde nyumbani, karani akaandika Karunde kwenye cheti, na kitambulisho kikatoka na jina la babu ambalo kwenye cheti halipo. Hapo mtu mmoja ameshakuwa watu watatu. Rekebisha mapema, kwa hati ya kiapo au kwa kusahihisha kwenye ofisi iliyokosea, kabla hujaomba pasipoti. Kama huna cheti cha kuzaliwa, anzia RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Pasipoti unaombea hapahapa, ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, baada ya kujaza fomu mtandaoni. Huna haja ya mtu wa kati wa kukukimbizia Dar es Salaam. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, ni Sh150,000. Watakutaka pia cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake, kwa hiyo mwambie mama aanze kupekua sanduku. Ukiwa nayo tayari, angalia tarehe ya mwisho: nchi nyingi hazikupokei kama imebaki chini ya miezi 6.

Sasa ndoa yenyewe. Cheti cha msikitini au kanisani ni mwanzo tu. Hakikisha ndoa imesajiliwa na cheti chake kinatambulika RITA, maana ubalozi utauliza hicho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka msajili apewe taarifa angalau siku 21 kabla ya ndoa, kwa hiyo yule mchumba anayekuja Jumatatu akitaka mfunge ndoa Ijumaa na mpande ndege Jumapili, mwambieni atulie. Sheria hiyohiyo inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa inayoruhusu wake wengi. Soma cheti chako kimeandikwa ipi. Ulaya hilo si dogo: Uingereza, kwa mfano, haimpi mke wa pili viza ya kuishi na mume wakati mke wa kwanza yuko naye kule. Muulize huyo bwana ana mke, na aulizwe mbele ya wazee wako.

Kwa mnaoolewa Oman, mjue hili. Zamani Mwomani alihitaji kibali cha serikali yake kabla ya kuoa mgeni. Aprili 2023 Sultani alitoa amri mpya iliyoondoa sharti hilo. Lakini ndoa bado inatakiwa isajiliwe kule. Cheti chako kithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Oman, ndipo mumeo aende nacho. Ndoa isiyosajiliwa kule inakuacha bila ukaazi, na watoto wako wanapata tabu ya karatasi.

Mambo haya si mageni kwetu. Karne ya 19 Muhammed bin Juma, baba yake mfanyabiashara Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, hapa kwetu Tabora. Lakini Karunde alibaki katika nchi ya baba yake. Akidhulumiwa, wa kumtetea walikuwa jirani. Wewe unakwenda mahali ambapo kaka zako hawafiki kwa nauli ya basi, na badala ya kaka una hizo karatasi. Ndiyo maana naziwekea uzito.

Tukija kwenye viza, hapa ndipo naomba mnisikilize kuliko pote. Ikifika, usifurahie picha na mhuri tu. Tafuta mstari unaoeleza viza ni ya nini. Kama uliambiwa unakwenda kama mke na pale pameandikwa mfanyakazi wa ndani, usisafiri. Simama hapohapo. Kama ni kazi, kazi ina njia yake: mkataba ulioandikwa, unaopitia ofisi ya serikali ya huduma za ajira na ubalozi wetu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walinyang'anywa pasipoti, wakafanyishwa kazi saa nyingi kupita kiasi, wengine wakanyimwa mshahara au kupigwa. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na afisa anayekuhoji uwanjani anaitekeleza sheria hiyo. Usimkasirikie. Usikubali pia kufundishwa majibu ya uongo na anayekusafirisha: mtu anayekuandalia uongo wa kumwambia afisa wa nchi yako ameshakuonyesha atakavyokutendea mkifika.

Na mumeo mgeni naye akaguliwe karatasi zake za hapa nchini. Viza ya kawaida ya matembezi humpa siku zisizozidi 90. Kama amepitisha, atazuiwa yeye dirishani na wewe utabaki umesimama na mabegi. Afya nayo ina hati: chomeni chanjo ya homa ya manjano siku 10 au zaidi kabla ya safari, mpewe kadi. Tangu 2016 kadi hiyo inatambulika maisha yote, kwa hiyo itunze. Ukisafiri na mtoto ambaye baba yake si huyu uliye naye, beba cheti chake cha kuzaliwa na ridhaa ya baba yake iliyoandikwa na kuapishwa kwa wakili.

Uraia nao tuuseme. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mumeo akikwambia baada ya miaka michache utachukua pasipoti ya kwao, muulize maana yake kwako: utapoteza uraia wa hapa, na ardhi ya urithi itakuwa na masharti mengine. Huenda ukakubali. Ukubali ukijua.

Wapo watakaoniambia, "Dada, yote haya yatachelewesha safari." Na ichelewe. Tabora ni mji uliokua kwa watu waliojua kusubiri. Mwaka 1872 mmisionari Livingstone alikaa pale Kwihara tangu Machi hadi Agosti akingoja wapagazi na mizigo kutoka pwani, maana njia ya Unyanyembe haikuendwa mikono mitupu. Mume anayekupenda ataweza kungoja mhuri wa wizara.

Siku ya kuondoka, pasipoti ikae kwenye mkoba wako, si wa mumeo, wala wa wifi, wala wa dalali. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania na wewe ndiye uliyekabidhiwa. Nakala ya pasipoti, viza, cheti cha ndoa na anwani kamili ya mnakokwenda kuishi zibaki kwa mama. Namba ya simu ya ubalozi wa Tanzania wa nchi hiyo iandike kwenye karatasi, maana simu huibwa na huzimwa. Na kubaliana na dada au shoga yako siku ya kupigiana, ili ikipita bila sauti yako, yeye ajue pa kuanzia.

Mapenzi yenu nayaombea heri kwa moyo wote. Ndoa za mbali zinadumu, na wapo wenzenu wengi wanaoishi huko kwa heshima na raha. Wiki hii fanya moja tu: toa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, usome jina lako. Kama majina yamepishana, nenda ofisini kesho asubuhi.