SOMO: SOMA KABLA YA KUTIA SAINI



Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela. Sisi wa Igoma tuko mbali nao kidogo, lakini somo la leo ni letu sote. Leo ni uwanja wa ndege, kesho ni barabara au reli.

Siku moja wageni wanafika na kamba ya kupimia. Wanasema eneo lako linatakiwa. Utafanya nini?

Kwanza uliza: "Mnanunua au mnatwaa?" Huko Marekani viwanja vingine hununua nyumba za jirani kwa sababu ya kelele za ndege. Mara nyingi mwenye nyumba anaweza kusema, "Sitaki." Huko ni kuuza kwa hiari. Kutwaa ni jambo jingine. Hapa kwetu Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inairuhusu Serikali kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma. Lakini haichukui bure. Sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa mapema.

Fidia ni ya nini? Ni ya ardhi, nyumba na mazao. Tena kuna posho ya usumbufu, ya kusafirisha mizigo na ya kupanga nyumba nyingine. Mwenye duka hulipwa faida aliyopoteza.

Tujifunze kwa wenzetu wa Kipawa, Dar es Salaam. Nyumba zao zilithaminiwa 1997 ili uwanja wa ndege upanuliwe. Malipo yalikuja baada ya miaka zaidi ya 10. Fikiri mwenyewe: saruji na mabati vilipanda bei kiasi gani katika muda huo?

Basi fanya hivi:

1. Hesabu mali yako kabla mthamini hajafika. Andika katika daftari: vyumba, choo, kisima, miembe, migomba.

2. Siku ya kuthamini, baba na mama wote wawepo, pamoja na kiongozi wa mtaa.

3. Soma fomu yote. Kama una miembe 8 na fomu inasema 3, sema papo hapo. Usitie saini kwanza.

4. Omba nakala. Itunze pakavu, mbali na mchwa.

5. Andika tarehe. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6, unastahili riba. Kwa sheria ya uthamini ya 2016, ikipita miaka 2 bila malipo, uthamini urudiwe.

6. Ukilipwa, tafuta kiwanja kwanza. Fedha za nyumba zikila sikukuu, watoto watalala wapi?

Zamani tulitia dole gumba tu, tukarudi nyumbani. Sasa tunajua kusoma. Tusome.

MANENO MAPYA
Fidia: malipo ya mali iliyochukuliwa.
Mthamini: mtaalamu anayekadiria bei ya mali.
Nakala: karatasi ya pili iliyo sawa na ya kwanza.

MASWALI
1. Kununua na kutwaa vina tofauti gani?
2. Kwa nini baba na mama wote wawepo?
3. Andika orodha ya mali iliyo katika kiwanja chako. Isomeeni pamoja nyumbani.