Kitenzi aller cha Kifaransa: Maana, Asili na Mpangilio wa Maumbo Yake

1.0 Utangulizi

Sarufi mapokeo ya Kifaransa huvigawa vitenzi katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la vitenzi vinavyoishia na -er, kama parler 'kusema'. La pili ni la vitenzi vya -ir ambavyo huchukua -iss- katika baadhi ya maumbo yake, kama finir 'kumaliza'. La tatu hukusanya vitenzi vyote vilivyosalia. Kitenzi aller 'kwenda' kinaishia na -er, lakini kwa desturi huwekwa katika kundi hilo la tatu, pamoja na vitenzi vinavyosemwa kuwa havifuati kanuni. Mwanafunzi hupewa jedwali na kutakiwa alikariri.

Katika makala haya inajadiliwa hoja kwamba msimamo huo hauridhishi. Maumbo ya aller yana kanuni, ila kanuni zenyewe ni za vipindi mbalimbali vya historia na zimekutana katika kitenzi kimoja. Suala hili lina umuhimu kwa wasomi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Kifaransa kinafundishwa katika shule na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na ni lugha ya shule kwa Waswahili wengi wa Kongo na Burundi. Pili, kitenzi hiki kinatoa nafasi nzuri ya kuchunguza upya dhana ya "kutofuata kanuni", ambayo hutumiwa hata katika kuelezea Kiswahili.

2.0 Maana za aller

Maana ya msingi ya aller ni kutoka mahali alipo msemaji, au mahali panapochukuliwa kuwa kitovu, na kuelekea kwingine. Kinyume chake ni venir 'kuja'. Kutokana na maana hiyo zimechipuka nyingine, ambazo kuu ni hizi:

(1) Cette route va à Lyon. 'Barabara hii inakwenda Lyon.'
(2) Comment allez-vous? 'Hujambo?' au 'U hali gani?'
(3) Cette robe vous va bien. 'Gauni hili limekukaa vizuri.'
(4) Il y va de son honneur. 'Heshima yake imo hatarini.'
(5) Il va pleuvoir. 'Mvua iko karibu kunyesha.'

Mfano (1) haumpi taabu Mswahili, kwani katika lugha yake pia barabara "huenda", na hata mambo "huenda" vizuri au vibaya. Katika mfano (2) aller hueleza hali ya mtu. Kiswahili nacho huuliza "mambo yanakwendaje?", lakini hakiulizi "unakwendaje?" kwa maana ya afya. Katika (3) lugha hizi mbili zinaachana kabisa: nguo ya Kifaransa "humwendea" mvaaji, ilhali ya Kiswahili "humkaa". Mfano (4) hauna mtendaji. Kiwakilishi il hapo ni cha kujaza nafasi tu, na kinachotajwa ni kile kinachoweza kupotea. Mfano (5) utajadiliwa katika sehemu ya 6.0.

3.0 Maumbo

Maumbo ya wakati uliopo ni haya:

(6) je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont

Wakati ujao ni huu:

(7) j'irai, tu iras, il ira, nous irons, vous irez, ils iront

Hali ya masharti hujengwa juu ya shina hilohilo la ir-: j'irais, nous irions. Wakati uliopita usiotimilika una shina la all-: j'allais, nous allions. Shina hilo limo pia katika wakati uliopita wa masimulizi ya maandishi (j'allai) na katika vitenzi-sifa allant na allé. Dhamira tegemezi huwa hivi:

(8) que j'aille, que tu ailles, qu'il aille, que nous allions, que vous alliez, qu'ils aillent

Katika kuamrisha hutumika va, allons na allez. Umbo va halina -s, lakini likifuatwa na y huandikwa vas-y, ili irabu mbili zisigongane. Nyakati ambatani huundwa kwa être na si kwa avoir, kwa hiyo kitenzi-sifa hupatana na kiima: elle est allée, ils sont allés.

Ukiyapanga maumbo haya kwa mashina, yanabaki makundi matatu tu: v-, ir- na all- (pamoja na aill-). Swali ni kwa nini yako matatu, na kwa nini kila moja limekaa mahali pake.

4.0 Asili ya mashina

4.1 Shina la ir-

Kilatini kilikuwa na kitenzi ire 'kwenda', chenye wakati uliopo eo, is, it, imus, itis, eunt. Katika Kilatini cha kusemwa, lugha zilizokuwa chimbuko la Kifaransa zilianza kujenga wakati ujao kwa kuweka kitenzijina mbele ya habere 'kuwa na'. Hivyo cantare habeo, kwa maana ya "nina la kuimba", ikawa chanterai 'nitaimba'. Kwa njia hiyohiyo ire habeo ikawa irai. Viishio vya mfano (7) vinalingana na wakati uliopo wa avoir: ai, as, a, -ons (avons), -ez (avez), ont.

Kwa hiyo irai limeundwa sawasawa na parlerai. Tofauti ni kwamba kitenzijina parler kingali kinatumika, ilhali ire kilitoweka na kubaki ndani ya wakati ujao na hali ya masharti. Masalia mengine ya ire yamo katika maneno kama périr 'kuangamia', kutoka perire.

4.2 Shina la v-

Maumbo vas, va na vont yanatokana na vadere, kitenzi cha Kilatini kilichomaanisha kwenda, hasa kwa haraka au kwa kukusudia: vadis, vadit, vadunt. Sababu ya kuingia kwake inaeleweka ukitazama umbo la ire. Maumbo kama is na it yalikuwa na silabi moja fupi. Mabadiliko ya sauti yalipozidi kumega miisho ya maneno, yalibaki bila uzito wa kutosha kutambulika katika usemi. Vadere kilikuwa na mzizi wenye konsonanti na irabu ya wazi, kikaziba pengo. Kihispania kilifanya vivyo hivyo (voy, vas, va), na Kiitaliano pia (vado, vai, va).

Nafsi ya kwanza umoja ilichelewa kutulia. Kifaransa cha kale kilisema je vois. Baadaye maumbo vais, vas na va yalishindana. Mwaka 1647 Vaugelas, mwanasarufi aliyetazama lugha ya Ikulu ya Mfalme kuwa kielelezo, aliripoti kwamba watu wa Ikulu walisema je va, na kwamba vais lilihesabiwa kuwa la mikoani au la watu wa kawaida wa Paris. Hatimaye ni vais lililosanifishwa. Je vas limebaki katika usemi wa kawaida, hasa Quebec.

4.3 Shina la all-

Hapa ndipo penye ubishi. Wanaisimu wengi huhusisha aller na ambulare 'kutembea', kupitia umbo fupi alare, ambalo limo katika faharasa ya Reichenau ya karne ya 8. Pingamizi ni la kifonolojia: kwa kanuni za kawaida za sauti, ambulare hutarajiwa kutoa ambler, na neno hilo lipo kwa maana ya mwendo maalumu wa farasi. Watetezi wa ambulare hujibu kwamba neno linalotumika sana, hususan katika amri, huweza kufupishwa kupita kiasi. Wengine wamependekeza asili ya Kikelti. Suala halijafungwa, ingawa maelezo ya ambulare ndiyo yanayokubaliwa zaidi.

5.0 Mkazo kama ufunguo wa mgawanyo

Asili ya mashina haitoshi kueleza mgawanyo wake. Kwa nini nous allons na si umbo lenye v-? Jibu limo katika mkazo. Katika Kilatini, nafsi zote za umoja na nafsi ya tatu wingi zilikuwa na mkazo kwenye mzizi: vádit, vádunt. Nafsi ya kwanza na ya pili wingi zilikuwa na mkazo kwenye kiishio: ambulámus, ambulátis. Mpaka huohuo unaonekana katika vitenzi vyenye mzizi mmoja tu:

(9) je meurs, ils meurent. Lakini nous mourons 'kufa'
(10) je tiens, ils tiennent. Lakini nous tenons 'kushika'
(11) je veux, ils veulent. Lakini nous voulons 'kutaka'

Katika (9) hadi (11) irabu ya mzizi uleule iligeuka pale ilipobeba mkazo. Katika aller mpaka ni uleule, ila kila upande umepewa mzizi wake. Mfano (8) unathibitisha hoja hii: aille na aillent ziko upande mmoja, allions na alliez upande wa pili. Hivyo "ukaidi" wa aller umepangwa juu ya kanuni inayotawala vitenzi vingine vingi vya kundi la tatu.

6.0 Aller kama kitenzi kisaidizi

Kikifuatwa na kitenzijina, aller huweza kupoteza maana ya mwendo na kuashiria wakati ujao wa karibu. Katika mfano (5) mvua haiendi popote. Ushahidi zaidi ni je vais aller à Lyon, ambapo kitenzi kimoja kinajitokeza mara mbili bila kujirudia kimaana. Dhima hii ina mipaka: hupatikana katika wakati uliopo na katika wakati uliopita usiotimilika (j'allais partir 'nilikuwa karibu kuondoka'). Nje ya hapo mwendo hurejea. J'irai travailler ni 'nitakwenda kufanya kazi', na je suis allé travailler ni 'nilikwenda kufanya kazi'.

Sentensi je vais travailler ina utata. Yaweza kuwa 'ninakwenda kufanya kazi' au 'nitafanya kazi sasa hivi'. Mfasiri anayeandika "ninakwenda" kila mara hupotosha maana, na anayeandika "nita-" kila mara huifuta tofauti iliyopo kati ya je vais partir na je partirai. Kiswahili kina njia za kuitunza tofauti hiyo: "ndiyo kwanza naondoka", "niko karibu kuondoka", "naondoka sasa hivi".

7.0 Mafunzo kwa wazungumzaji wa Kiswahili

Mambo yaliyoelezwa si mageni kwa Kiswahili. Kiambishi cha wakati ujao -ta- kinatokana na kitenzi -taka, na umbo kamili limehifadhiwa katika virejeshi: "atakuja", lakini "atakayekuja". Hapa, kama katika irai, kitenzi kizima kimenywea kikawa kiambishi, na umbo la zamani limesalia katika kona moja ya sarufi. Aidha, katika kuamrisha, kuja hutoa "njoo" na kwenda hutoa "nenda". Mtoto wa Kiswahili hayaoni maumbo haya kuwa magumu, kwa kuwa huyasikia kila siku. Maumbo yanayotumika mno ndiyo yanayoweza kuhifadhi upekee wake, kwani kumbukumbu haiyapi nafasi ya kusahihishwa kwa mlinganisho.

Kutokana na hayo, mwalimu anaweza kufundisha aller kwa mashina matatu na mpaka mmoja wa mkazo, kisha kuuhusisha mpaka huo na mourir, tenir na vouloir. Mtunga kamusi ya Kifaransa na Kiswahili naye hana budi kuingiza vais, vont, irai na aille kama vidahizo vya kuelekeza kwa aller. Msomaji anayekutana na irai hawezi kukisia kwamba atafute chini ya herufi A.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maumbo ya aller yanatokana na mashina matatu, kwamba wakati ujao wake umeundwa kwa kanuni ya jumla, na kwamba mgawanyo wa wakati uliopo unafuata mkazo wa Kilatini. Kinachobaki bila maelezo kamili ni njia ya sauti iliyolifikisha shina la all- katika Kifaransa. Kwa hiyo, kukiita kitenzi hiki kisichofuata kanuni ni kutaja tu mahali ambapo sarufi ya leo imekoma kuona historia yake. Inafaa uchunguzi wa aina hii ufanywe pia juu ya "njoo" na "nenda", ambazo katika vitabu vya sarufi ya Kiswahili bado hutajwa kama vighairi, kisha zikaachwa hapo.