Asilimia 15 au 24.5? Jinsi ya kupima kauli za viongozi kuhusu fedha za kaunti

Katika mwaka wa kifedha wa 2023/24, kaunti zote 47 zilitengewa Sh385.4 bilioni kutoka kwa mapato ya kitaifa. Kiongozi mmoja akisimama jukwaani na kusema kaunti zilipewa karibu robo ya mapato ya nchi, na mwingine akasema zilipewa asilimia 15 tu, wasikilizaji watadhani mmoja wao anadanganya. Kumbe wote wawili wana karatasi ya kuonyesha.

Kifungu cha 203 cha Katiba kinasema mgao wa kaunti usipungue asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, na kwamba hesabu ifanywe kwa mapato ya mwaka wa karibuni ambao hesabu zake zimekaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Ukaguzi huchelewa, na kuidhinishwa huchelewa zaidi. Kwa mgao wa 2023/24, hesabu zilizotumika zilikuwa za mwaka wa 2019/20, ambapo mapato yalikuwa takriban Sh1.57 trilioni. Sh385.4 bilioni ni asilimia 24.5 ya kiasi hicho. Lakini mapato yaliyotarajiwa kukusanywa na kugawanywa katika mwaka wenyewe wa 2023/24 yalikuwa takriban Sh2.57 trilioni, na hapo mgao unashuka hadi asilimia 15. Pesa ni zile zile. Kilichobadilika ni kibaba.

Ndiyo maana swali la kwanza la mtu anayechunguza kauli ya mwanasiasa ni: asilimia ya nini, na ya mwaka gani? Hata takwimu ya kweli inaweza kupotosha ikikatwa kutoka kwa kitu ilichopimwa nacho.

Kazi hii ya kupima kauli haikuanzia katika ofisi kubwa. Takriban miaka 20 iliyopita, Ory Okolloh, mwanasheria na mwanablogu, pamoja na Conrad Akunga, mtaalamu wa kompyuta, walianzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia wabunge. Wakati huo tovuti ya Bunge ilikuwa imefungwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umeanikwa hadharani. Siku hizi Mzalendo hutoa taarifa ya wabunge waliozungumza zaidi na waliokaa kimya, kwa kuhesabu Hansard. Hesabu hiyo nayo isomwe kwa uangalifu: inahesabu maneno ya ukumbini, si kazi ya kamati, na mbunge msemaji si lazima awe mchapakazi. Baadaye yalikuja mashirika yanayofanya kazi hiyo kila siku, kama vile Africa Check, lililoanzishwa mwaka 2012, na PesaCheck, lililoanza 2016 likijikita katika kauli za fedha za umma.

Vyombo vya habari pia huchunguzwa, na ipo sababu. Chukua kichwa cha habari ambacho wakazi wa kaunti nyingi wamewahi kukiona: kaunti haijatumia hata shilingi moja kwa maendeleo. Mara nyingi habari hiyo hutokana na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti ya robo ya kwanza, yaani Julai hadi Septemba, na takwimu yenyewe huwa sahihi. Wakuu wa kaunti hujibu kwamba Hazina ya Kitaifa imechelewesha pesa. Nalo hilo mara nyingi ni kweli. Basi mkazi amwamini nani?

Jibu limo katika ripoti ile ile. Jedwali lake lina safu ya bajeti iliyoidhinishwa, safu ya pesa zilizotolewa kwa kaunti, na safu ya pesa zilizotumika. Ikiwa pesa zilizotolewa kwa maendeleo ni sufuri, kaunti haikuwa na cha kutumia. Ikiwa zilitolewa na hazikutumika, lawama inarudi nyumbani, na kisingizio cha Nairobi hakitoshi. Mwandishi aliyenukuu safu moja tu ameacha nusu ya habari, sawa na afisa wa kaunti anayetaja ile nyingine peke yake. Kauli za serikali ya kaunti, zikiwemo zinazochapishwa katika jarida hili, zipimwe kwa kibaba hicho hicho.

Jambo hili linamgusa mkazi moja kwa moja katika vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti. Mama anayeuliza kwa nini zahanati haina dawa akijibiwa kwamba pesa hazijafika, na hana njia ya kupima jibu hilo, atarudi nyumbani ama ameamini kila kitu au haamini chochote. Aliyeona jedwali anaweza kuuliza swali la pili: zilizofika zimekwenda wapi?

Kwa yale yasiyomo katika ripoti, kuna Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Raia anaweza kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kutozwa ada ya kuwasilisha ombi. Gharama inayoruhusiwa ni ile ya kutoa nakala. Asiyeweza kuandika ana haki ya kuandikiwa ombi lake na afisa husika. Sababu aliyo nayo mwombaji haiathiri haki yake. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Akinyimwa, anaweza kuomba Tume ya Haki ya Utawala ipitie uamuzi huo.

Maombi mengi hukwama kwa kuwa mapana mno. Anayeomba “taarifa zote za barabara” humpa afisa mwanya wa kuzungushana naye. Ni afadhali ataje jina la mradi, wadi, mwaka wa kifedha na hati anayoitaka, kwa mfano mkataba wa ujenzi au cheti cha malipo, na kubaki na nakala ya ombi iliyopigwa muhuri wa tarehe, kwa sababu siku 21 huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa.